Mifumo Funge na Uhuru wa Mlaji: Historia Linganishi ya Huduma za Fedha kwa Simu nchini Kenya na Tanzania, 2007–2022

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya kufungwa na kufunguliwa kwa mifumo ya fedha kwa simu za mkononi nchini Kenya na Tanzania kati ya mwaka 2007 na 2022. Swali linaloongoza uchunguzi ni hili: kwa nini nchi mbili jirani, zilizoanza na huduma yenye jina moja na chimbuko moja, zilifikia uwazi wa mifumo kwa njia na kwa nyakati tofauti, na tofauti hiyo ilikuwa na maana gani kwa mlaji? Insha inajenga hoja kwamba uwazi haukuja kwa mkupuo mmoja, bali kwa tabaka: tabaka la mawakala, la namba ya simu, la akaunti kwa akaunti, na la malipo ya wafanyabiashara. Tabaka lililobaki limefungwa ndilo lililoamua kiwango cha uhuru wa mlaji, hata pale ambapo matabaka mengine yalikuwa yamefunguliwa. Aidha, insha inaonesha kwamba nchini Tanzania makubaliano ya kampuni yalitangulia sheria, ilhali nchini Kenya sheria ilitangulia utekelezaji kwa takribani miaka minne. Hitimisho ni kwamba wakati wa kufungua mfumo una uzito sawa na tendo lenyewe la kuufungua.

1.0 Utangulizi

Mnamo Machi 2007 kampuni ya Safaricom ilizindua huduma ya M-Pesa nchini Kenya. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2008, Vodacom ilizindua huduma yenye jina hilohilo nchini Tanzania. Kampuni zote mbili zilikuwa na uhusiano wa umiliki na Vodafone ya Uingereza, ambako wazo la huduma hiyo lilianzia kwa msaada wa fedha za Idara ya Maendeleo ya Kimataifa ya Uingereza. Majaribio ya awali, yaliyoanza mwaka 2005 nchini Kenya kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalilenga kurahisisha urejeshaji wa mikopo. Watumiaji ndio waliogeuza lengo hilo: wengi walitumia huduma kutumiana fedha wao kwa wao, na Safaricom ikajifunza kutokana na matumizi hayo kabla ya kuingia sokoni.

Habari ya mafanikio ya M-Pesa imesimuliwa mara nyingi, na si nia ya insha hii kuirudia. Jambo lililopewa nafasi ndogo ni kwamba mafanikio hayo yalijengwa ndani ya ukuta. Mteja wa Safaricom aliweza kumpigia simu mteja wa kampuni nyingine yoyote, na kumwandikia ujumbe mfupi, kwa kuwa kuunganisha mitandao ya mawasiliano lilikuwa sharti lililokwishawekwa katika sheria za mawasiliano za nchi zote mbili. Hata hivyo, mteja huyohuyo hakuweza kuhamisha fedha kutoka akaunti yake ya M-Pesa hadi akaunti ya fedha ya mteja wa kampuni nyingine. Sauti ilivuka mpaka wa kampuni. Fedha haikuvuka, ingawa vyote vilisafiri kwa minara ileile.

Hali hii inatoa nafasi nzuri ya kuchunguza mgongano kati ya mfumo funge na ushindani huria. Kwanza, inahusu huduma iliyogusa riziki za mamilioni ya watu wa kipato cha chini, si anasa ya wachache. Pili, nchi mbili zinaweza kulinganishwa kwa haki, kwa kuwa zilianza karibu wakati mmoja na kwa teknolojia inayofanana. Tatu, matokeo yake yalitofautiana kiasi cha kudai maelezo.

2.0 Dhana na Mbinu

Katika insha hii, mfumo funge ni mfumo ambamo mmiliki mmoja anadhibiti chombo, njia na soko, na ambamo mteja anayetaka kutoka analazimika kuacha nyuma kitu cha thamani. Mfumo wazi ni ule unaoruhusu mteja wa mtoa huduma mmoja kufanya muamala na mteja wa mwingine bila kulazimika kuhama au kujiandikisha mara mbili. Istilahi ya mwingiliano wa mifumo imetumika kwa maana ya uwezo huo, hususan uhamishaji wa fedha wa moja kwa moja kutoka akaunti hadi akaunti baina ya kampuni mbili.

Ni muhimu kutofautisha ukuta wa kiufundi na ukuta wa kibiashara. Nchini Kenya menyu ya M-Pesa iliwekwa ndani ya kadi ya simu, yaani laini yenyewe, ambayo ni mali ya kampuni. Nchini Tanzania wateja walizoea kupiga namba fupi: *150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Tigo Pesa na *150*60# kwa Airtel Money. Njia zote mbili zilikuwa chini ya kampuni ya simu. Hata hivyo, hakuna kilichozuia kompyuta za kampuni mbili kubadilishana taarifa za muamala. Kizuizi kilikuwa uamuzi wa biashara, na kwa sababu hiyo kina historia inayoweza kuelezwa kwa kuangalia maslahi, sheria na wakati.

Mbinu iliyotumika ni ya kihistoria linganishi. Uchambuzi umejikita katika sheria, kanuni na hatua za wadhibiti na za kampuni zinazojulikana hadharani. Insha haikuhusisha mahojiano, na kwa hiyo haidai kusema kwa niaba ya watumiaji. Inasoma machaguo yao kupitia matendo yaliyoonekana sokoni.

3.0 Ujenzi wa Ukuta, 2007–2012

Ingekuwa makosa kuuhukumu ukuta bila kueleza ulivyojengwa na faida iliyotokana nao. Mwaka 2007 Kenya haikuwa na sheria mahususi ya mifumo ya malipo. Benki Kuu ya Kenya iliruhusu huduma hiyo kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, kwa sharti kwamba fedha za wateja zihifadhiwe katika akaunti ya dhamana benki, zikitengwa na fedha za kampuni. Benki Kuu ya Tanzania ilifuata njia inayokaribiana na hiyo, ikitegemea mamlaka iliyopewa na Sheria ya Benki Kuu ya mwaka 2006 pamoja na mwongozo wa malipo ya kielektroniki wa mwaka 2007. Wadhibiti waliamua kutazama kwanza, kisha kutunga sheria.

Kazi ngumu katika miaka hiyo haikuwa programu ya kompyuta bali mawakala. Ilibidi kumpata mwenye duka, kumfundisha, kumpa sare ya rangi na kitabu cha kumbukumbu, na kuhakikisha kwamba ana fedha taslimu mkononi na floti ya kutosha kwenye simu. Wakala asiye na floti alimrudisha mteja bila huduma, na mteja aliyerudishwa mara mbili hakurudi tena. Safaricom iliwekeza katika kazi hiyo kwa upana ambao washindani wake hawakuufikia. Kufikia mapema mwaka 2009 M-Pesa ya Kenya ilikuwa na zaidi ya wateja milioni 6. Ni jambo la haki kukiri kwamba udhibiti wa mmiliki mmoja uliharakisha ujenzi huo: viwango vya huduma vilikuwa vya aina moja, lawama ilikuwa na anwani moja, na imani ya umma ilikuwa na jina moja.

Pamoja na faida hiyo, uwekezaji huo uliambatana na masharti. Mikataba ya mawakala wa Safaricom iliwazuia kuhudumia kampuni nyingine. Zain ilipozindua huduma ya Zap mwaka 2009, na baadaye ilipogeuka kuwa Airtel Money, ilikuta maduka mengi yaliyofaa kwa uwakala yamekwisha kufungwa na mkataba. Mshindani alilazimika kujenga upya mtandao wa mawakala kuanzia chini, kwa wateja wachache ambao hawakutosha kumlipa wakala faida ya kuendelea na kazi.

Nchini Tanzania mambo yalikwenda tofauti tangu hatua hii. Zantel ilianza huduma yake ya fedha mwaka 2008, Zain ikafuata mwaka 2009, na Tigo ikaanzisha Tigo Pesa mwaka 2010. Mawakala hawakufungwa na kampuni moja. Ikawa kawaida kwa kibanda kimoja kubandikwa mabango ya kampuni tatu au nne, na kwa wakala mmoja kupanga simu kadhaa mezani, kila moja na floti yake. Kwa hiyo tabaka la kwanza la uwazi, yaani la mawakala, lilifunguka Tanzania bila amri wala kesi.

Hata hivyo, akaunti zilibaki zimefungwa katika nchi zote mbili. Mteja wa M-Pesa aliyetaka kumtumia fedha mtu asiye na akaunti ya M-Pesa alimtumia namba ya siri kwa ujumbe. Mpokeaji alilazimika kwenda kwa wakala wa kampuni ya mtumaji na kutoa fedha zote taslimu. Hakuweza kuzitunza kwenye akaunti yake wala kuzituma mbele zikiwa bado ndani ya simu, na ada kwa mtumaji ilikuwa kubwa zaidi. Walaji walitafuta njia yao wenyewe: walinunua laini za kampuni mbili au tatu na kuzibadilisha kwenye simu moja, na baadaye wakanunua simu za laini mbili. Mlaji ndiye aliyekuwa daraja kati ya mifumo, na gharama ya daraja hilo aliilipa mwenyewe.

Hali hii ina mfano wa kale. Mwanzoni mwa karne ya 20 miji kadhaa ya Marekani ilikuwa na kampuni mbili za simu za waya zisizounganishwa, na wenye maduka walilazimika kulipia simu mbili ili wafikiwe na wateja wote. Mnamo Desemba 1913, baada ya shinikizo la serikali, kampuni ya AT&T ilikubali kuziruhusu kampuni huru kutumia njia zake za masafa marefu. Mfano huo unathibitisha kwamba mzigo wa kuunganisha mifumo usipobebwa na kampuni humwangukia mteja, na kwamba kampuni kubwa huwa haina haraka ya kuuchukua.

4.0 Tanzania: Makubaliano Yaliyotangulia Sheria, 2013–2016

Kufikia mwaka 2013 soko la Tanzania lilikuwa na sura ya pekee. Vodacom ilikuwa ya kwanza kwa ukubwa, lakini haikufikia nusu ya laini zote za simu nchini. Airtel na Tigo ziliifuata kwa karibu. Hakuna kampuni iliyoweza kujiambia kwamba wateja wengi wa nchi walikuwa ndani ya uzio wake. Kwa kila kampuni, idadi ya Watanzania waliokuwa nje ya mfumo wake ilizidi ya waliokuwa ndani.

Katika mazingira hayo, Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), kwa ufadhili wa Bill & Melinda Gates Foundation na mfuko wa kuendeleza sekta ya fedha wa FSDT, liliwakutanisha watoa huduma ili watunge kanuni za pamoja. Benki Kuu ya Tanzania ilishiriki kama msimamizi, lakini haikutoa amri ya kuunganishwa. Majadiliano hayakuwa mepesi. Yalihusu maswali ambayo mlaji hayaoni: kampuni ya mtumaji imlipe nini kampuni ya mpokeaji, nani ajibu malalamiko muamala unapopotea njiani, fedha za dhamana zisawazishwe lini baina ya benki, na mtu aliyetuma kwa namba isiyo sahihi arejeshewe vipi.

Mwezi Juni 2014 Airtel, Tigo na Zantel zilitangaza makubaliano. Airtel na Tigo ziliunganishwa mwezi Septemba mwaka huohuo, na Tigo na Zantel mwezi Desemba. Vodacom haikuwamo mwanzoni. Ilijiunga Februari 2016, na kwa hatua hiyo watoa huduma wakuu wote wa wakati huo wakawa wameunganishwa. Tanzania inatajwa kuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufikia hatua hiyo kwa makubaliano ya kampuni zenyewe.

Kujiunga kwa Vodacom kunahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo kampuni iliyokuwa na mengi ya kupoteza. Kabla ya mwaka 2014, kubaki nje kulimaanisha kuwa mfumo mkubwa kati ya mifumo midogo iliyotengana. Baada ya washindani kuungana, kubaki nje kulimaanisha kuwa mfumo mmoja mbele ya muungano wa mifumo mitatu, ambao kwa jumla ulikuwa na wateja wengi zaidi. Hesabu ya maslahi ilibadilika bila sheria kubadilika. Hapa ndipo penye kiini cha historia ya Tanzania: uwazi ulipatikana kwa sababu ukubwa wa kampuni ulikuwa umegawanyika, na mawakala wa pamoja walikuwa wameuzuia ukuta usipate msingi.

Sheria ilikuja baadaye. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa mwaka 2015, ikifuatwa na kanuni za fedha za kielektroniki za mwaka huohuo. Kwa kiasi kikubwa sheria hiyo iliyakuta makubaliano yakiwa yamekwisha kufanya kazi. Washindani wapya walinufaika na hali hiyo: Halotel, iliyoanza kutoa huduma za simu mwaka 2015, ilipoanzisha HaloPesa iliingia katika soko ambalo kutuma fedha kwenda mtandao mwingine lilikuwa jambo linalotarajiwa na mteja, si fadhila ya kuombwa. Kuanzia mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuwaunganisha watoa huduma kupitia mfumo wake wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, ambao ulikusudiwa kuchukua nafasi ya mikataba ya kampuni mbilimbili.

5.0 Kenya: Sheria Iliyotangulia Utekelezaji, 2011–2022

Nchini Kenya mfuatano ulikuwa kinyume. Safaricom ilikuwa na zaidi ya asilimia 60 ya laini za simu za nchi, na sehemu yake katika fedha za simu ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Kwa kampuni ya namna hiyo, kila mteja wa nje aliyetaka kupokea fedha kutoka kwa jamaa zake alikuwa mteja mtarajiwa. Kuunganisha mifumo kungemwondolea sababu ya kuhama.

Jaribio la kwanza la kumpa mlaji uhuru lilipitia namba ya simu. Aprili 2011 Kenya ilianzisha huduma ya kuhama na namba, iliyomruhusu mteja kubadili kampuni bila kubadili namba yake. Matarajio yalikuwa makubwa, lakini waliohama walikuwa wachache. Sababu mojawapo ni dhahiri ikitazamwa kwa tabaka: namba ilihama, akaunti ya M-Pesa haikuhama. Mteja aliyeondoka Safaricom aliondoka na namba yake, akaiacha pochi yake. Novemba 2012 M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo iliyoendeshwa na Commercial Bank of Africa kupitia M-Pesa, iliongeza uzito wa kile ambacho angekiacha, kwa kuwa sasa kiliambatana na historia ya kukopesheka. Mwaka 2013 huduma ya Lipa na M-Pesa iliingiza wafanyabiashara ndani ya mfumo huohuo. Mlango wa namba ulikuwa umefunguliwa, lakini nyumba nzima ilikuwa imehamia chumba kingine.

Jaribio la pili lilihusu mawakala. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ilipokea malalamiko ya Airtel kuhusu mikataba ya kuwafunga mawakala. Mwezi Julai 2014 Safaricom iliwaachia mawakala wake, ambao wakati huo walizidi 80,000, uhuru wa kuhudumia kampuni nyingine. Kanuni za Mifumo ya Malipo za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2011, nazo zilikataza mikataba ya namna hiyo. Tabaka ambalo Tanzania lilikuwa wazi tangu mwanzo lilifunguliwa Kenya miaka saba baada ya uzinduzi, na kwa mkono wa mdhibiti.

Kanuni hizohizo ziligusa pia mwingiliano wa mifumo. Ziliwataka watoa huduma watumie mifumo yenye uwezo wa kuja kuunganishwa na mingine. Lugha hiyo inastahili kusomwa kwa makini. Ilidai uwezo, si tendo. Haikuweka tarehe wala haikueleza nani aanze. Mfumo ungeweza kuwa na uwezo wa kuunganishwa kwa miaka mingi bila kuunganishwa, na mmiliki wake asiwe amevunja kanuni.

Mwaka huohuo wa 2014 uliibua mgogoro mwingine wenye funzo. Equity Bank, kupitia kampuni yake tanzu ya Finserve, ilipata leseni ya kutoa huduma za simu kwa kutumia mtandao wa Airtel, na ilikusudia kutumia laini nyembamba inayobandikwa juu ya laini ya kawaida. Kwa njia hiyo mteja angebaki na Safaricom na papo hapo kuwa na huduma ya benki kwenye simu ileile. Safaricom ilipinga kwa hoja ya usalama wa taarifa za wateja. Mamlaka ya Mawasiliano iliruhusu teknolojia hiyo kwa majaribio ya mwaka mmoja. Hoja ya usalama haikuwa ya kupuuzwa, kwa kuwa laini hubeba siri za fedha za mteja. Hata hivyo, mgogoro huo ulidhihirisha kwamba katika mfumo funge usalama wa mteja na usalama wa soko la kampuni husemwa kwa sauti moja, na mdhibiti hulazimika kuvitenganisha.

Uwazi una maana zaidi ya moja, na miaka iliyofuata ilionesha hivyo. Aprili 2015 Safaricom ilihamisha kompyuta za M-Pesa kutoka Ujerumani hadi Kenya na kuanza kutumia mfumo mpya wenye uwezo mkubwa zaidi. Mwaka 2017 ilizindua jukwaa la Daraja, lililowawezesha waandishi wa programu kuunganisha biashara zao na M-Pesa. Jina lilifaa, lakini daraja hilo lilielekea upande mmoja: liliwaingiza wajenzi wa huduma ndani ya mfumo, halikuwafikisha wateja kwa washindani. Mfumo unaweza kuwa wazi kwa washirika na ukabaki funge kwa wapinzani.

Mwingiliano wa akaunti kwa akaunti ulianza kwa majaribio kati ya Safaricom na Airtel mwezi Januari 2018, na mwezi Aprili mwaka huohuo ukaihusisha Telkom. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu uzinduzi wa M-Pesa, na takribani minne tangu kanuni za mwaka 2014. Mwingiliano huo haukuhusu mawakala: mteja wa Airtel aliyepokea fedha kutoka M-Pesa alihitaji wakala wa Airtel ili kuzitoa. Mwezi Aprili 2022 malipo kwa wafanyabiashara nayo yalianza kuunganishwa. Pamoja na hatua zote hizi, M-Pesa ilibaki na zaidi ya asilimia 90 ya soko la fedha kwa simu nchini Kenya.

6.0 Mjadala

Ulinganisho huu unatoa mafunzo matatu.

La kwanza linahusu uhusiano wa sheria na soko. Kuna mtazamo unaodai kwamba ushindani hujirekebisha wenyewe, na mwingine unaodai kwamba bila amri ya serikali kampuni haifungui mlango. Historia hii haiungi mkono mtazamo wowote kati ya hiyo miwili kikamilifu. Tanzania ilifungua bila amri, lakini si kwa sababu soko ni jema kwa asili yake. Ilifungua kwa sababu hakuna kampuni iliyokuwa na ukubwa wa kufaidika na kufunga, na kwa sababu palikuwa na mpatanishi na mdhibiti aliyeketi mezani. Kenya ilikuwa na sheria, lakini sheria inayotaka uwezo bila kutaka tendo haikutosha mbele ya kampuni ambayo kusubiri kulikuwa faida kwake.

Funzo la pili linahusu wakati. Mwaka 2014 mteja wa Tanzania alifunguliwa mlango wakati bado hajaamua makazi. Mwaka 2018 mteja wa Kenya alifunguliwa mlango akiwa amekwisha kuweka humo akiba, mkopo, duka na jamaa zake. Uhuru wa kuchagua ulikuwa uleule kwa maandishi, lakini gharama ya kuutumia ilikuwa tofauti. Samaki mkunje angali mbichi ni methali inayotumika kwa malezi. Inafaa pia kwa masoko ya teknolojia.

Pingamizi linaweza kutolewa hapa: pengine Wakenya walibaki na M-Pesa kwa kuwa ilikuwa huduma bora, si kwa kuwa walifungwa. Pingamizi hilo lina uzito. Mtandao mpana wa mawakala na huduma inayotegemeka ni sababu halali za kumpendelea mtoa huduma. Tatizo ni kwamba katika mfumo funge sababu hizo mbili haziwezi kutenganishwa. Mteja anayebaki kwa kuridhika na mteja anayebaki kwa kukosa pa kwenda huhesabiwa kwa namba moja. Ubora wa huduma huthibitishwa pale tu mteja anapoweza kuondoka na akachagua kubaki. Kwa hiyo uwazi haumsaidii mlaji peke yake. Humpa hata mmiliki wa huduma bora ushahidi ambao ukuta unamnyima.

Funzo la tatu linahusu tabaka. Kila hatua ya uwazi ilielekea kuhamisha ukuta badala ya kuubomoa. Namba ilipofunguliwa, akaunti ikawa ukuta. Mawakala walipoachiliwa, mwingiliano ukawa ukuta. Akaunti zilipounganishwa, malipo ya wafanyabiashara na historia ya mikopo vikawa ukuta. Tanzania nayo haikukamilisha safari: huduma za mikopo, kama M-Pawa iliyoanzishwa mwaka 2014, zilifungamana na akaunti ya kampuni moja, na rekodi ya mkopaji mwaminifu haikuhama naye kama namba ilivyoweza kuhama kuanzia Machi 2017. Mtafiti anayepima uwazi kwa tabaka moja atatangaza ushindi mahali ambapo mlaji bado amefungwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imefuatilia miaka 15 ya huduma za fedha kwa simu katika nchi mbili na kuonesha kwamba mifumo funge haikuwa hatima ya kiteknolojia. Ilikuwa zao la maamuzi ya biashara, yaliyokuwa na faida halisi katika hatua ya ujenzi na gharama halisi katika hatua ya ukomavu. Faida ilionekana kwa haraka na ilihesabiwa katika taarifa za mwaka za kampuni. Gharama haikuhesabiwa popote, kwa sababu ililipwa kidogo kidogo: laini ya pili, ada ya ziada, safari ya kumtafuta wakala wa mtandao wa mtumaji, na fedha iliyolazimika kutolewa taslimu ilhali mwenyewe alitaka kuitunza.

Kwa watunga sera, uchunguzi huu unapendekeza mambo mawili. Kwanza, kanuni za uwazi zitaje tendo na tarehe, si uwezo pekee. Pili, mdhibiti achunguze mapema ni kitu gani mteja atakiacha nyuma akiamua kuhama, na aendelee kuuliza swali hilo kila huduma mpya inapoongezwa juu ya ile ya zamani. Kwa watafiti, eneo linalohitaji kazi zaidi ni la rekodi za mikopo ya simu, ambako mteja hujenga sifa yake kwa miaka na kampuni ikabaki mtunzaji pekee wa sifa hiyo. Wadhibiti wamekwisha kuamua kwamba fedha iliyo katika akaunti ya dhamana ni mali ya mteja. Swali la kama historia ya matumizi ya fedha hiyo nayo ni mali yake halijapata jibu katika nchi yoyote kati ya hizi mbili kwa kipindi kilichochunguzwa.